Mwalimu wa Taipu Aliyekuja Chuo Kikuu

Nimefundishwa na mtu mmoja mara mbili. Mara ya kwanza alisimama mbele ya darasa, rula mkononi, nami nikiwa msichana aliyemaliza kidato cha nne na hajui pa kushika. Mara ya pili aliketi kando yangu chuo kikuu, Dar es Salaam, miwani imemshukia puani, akinakili ya ubaoni kama mimi. Mara zote mbili nilimwita Mwalimu. Jina lake ninalijua, ila sikuwahi kulitamka mbele yake, na sioni sababu ya kuanza sasa.

Chuo chake cha taipu kilikuwa Tanga, mtaa wa Ngamiani, nyumba chache kutoka kwetu. Baba yangu alishuka kutoka Usambara kuja kufanya kazi kwenye mkonge, akaishia mjini, kwa hiyo tulikuwa Wasambaa Walutheri katika mtaa wa Waislamu. Mwalimu aliingia kwetu kama anavyoingia kwake, akifunua masufuria na kuuliza tumekula nini. Alikuwa mrefu, mwembamba, na vidole vyake havikujua kutulia. Hata akiwa ameketi kimya vilikuwa vikigonga paja, kana kwamba vinamalizia sentensi ambayo mdomo umeikataa. Alitafuna karafuu. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama cha redioni, lakini akikasirika alirudi kwao pwani, Kimtang'ata kitupu, na hapo wanafunzi waliotoka bara walikuwa hawaambulii kitu.

Sijapata kuona mtu aliyesema wazi mambo yake mwenyewe kama yeye. Aliolewa mara mbili akaachika mara mbili, na sababu za talaka zote zilijulikana hadi kwa muuza maji, kwa kuwa alizisimulia mwenyewe, tena akicheka. Maumivu yake ya mgongo, ugomvi wake na dada yake wa Kigombe, ndoto alizoota usiku: vyote vilikuwa vya mtaa mzima. Ila ukimwuliza habari ya mtu mwingine aligeuka ukuta.

"Siri zangu ni mali yangu, nazigawa nipendavyo," alimwambia mama yangu siku moja. "Za wenzangu ni amana."

Mlango wa nyumba yake haukuwa na kufuli. Ulifungwa kwa kipande cha kamba ya mkonge, na hata hicho kilikuwa cha kuzuia mbuzi. Lakini chumba cha taipu alikifunga kwa makufuli mawili, na funguo alizivaa shingoni ndani ya gauni. Watu walidhani anaogopea mashine zake. Mama alipomdadisi, alijibu kwamba mashine zikiibwa zitanunuliwa nyingine siku Mungu akipenda. Kilichomo mle ambacho hakinunuliki ni maneno ya watu.

Maana chumba kile asubuhi kilikuwa cha wanafunzi, na alasiri kilikuwa cha wateja. Walikuja watu waliokuwa na la kusema ambalo mkono wao haukuweza kuliandika likasikilizwa: mwanamke anayedai talaka, mzee anayegombania shamba na ndugu zake huko Muheza, mfanyakazi aliyesingiziwa wizi. Waliketi kwenye benchi, wakasema, naye akawataipia. Tulipoanza kujua kazi alituachia baadhi ya barua hizo, na hapo ndipo tulipofundishwa lile somo ambalo halikuwa kwenye silabasi. Alifunika mikono yetu kwa kipande cha khanga chakavu ili tusiangalie vibonye, akasimama nyuma yetu.

"Macho yapite, yasikae," alisema. "Neno likiingia jichoni litokee kwenye kidole. Likibaki kichwani, umeiba."

Msichana mmoja wa darasa letu alicheka sentensi fulani katika barua ya mume aliyekimbiwa. Mwalimu hakumgombeza. Alichukua karatasi, akaketi kwenye mashine yake, akaitaipu barua yote upya mwenyewe, na yule msichana hakupewa barua ya mteja tena mpaka anamaliza kozi. Mimi nilikuwa nimecheka pia, moyoni. Nilijikaza nisionyeshe meno.

Na kaboni. Anayekumbuka miaka ya foleni anakumbuka kwamba hata karatasi ya kaboni ilikuwa haipatikani. Ofisi ziliitumia moja ile ile mpaka ikawa kama mtandio wa bi harusi, unaona upande wa pili. Mwalimu akimaliza barua nzito aliitoa kaboni, akaikunja, akaitia kwenye seredani iliyokuwa nje ya mlango. Ukiielekeza kaboni kwenye mwanga, alituonyesha baadaye darasani, unasoma barua nzima. Mama yangu, aliyekuwa akipasua hata bahasha za zamani ili aandikie nyuma, alikuwa akiutazama ule moshi kwa uchungu. "Jirani yetu anachoma kaboni kama wenzake wanavyochoma udi," alisema.

Katika miaka hiyo hiyo alikuwa na chuki moja kubwa, nayo ilikuwa biashara. Alisimama foleni ya sukari na wenzake, na ikiisha kabla hajafika dirishani aliondoka mikono mitupu, hakuzunguka nyuma ya duka la mtu. Mwishowe aliiacha sukari kabisa. "Iliniringia, nikaiacha," alieleza, akinywa kahawa chungu. Wafanyabiashara wote aliwaita kwa neno moja la magazeti ya wakati ule: walanguzi.

Mlanguzi mkuu machoni pake alikuwa mwenye duka la vitambaa la barabara ya juu, Mwislamu mwenye asili ya Kihindi, mzaliwa wa Tanga, aliyezungumza Kiswahili kitamu kuliko sisi tulioshuka milimani. Ilisemekana ukimjua vizuri, chini ya kaunta yake kulikuwa na sabuni, dawa ya meno na vitenge vilivyopita mpakani Horohoro bila kuonana na mtu wa forodha. Siku moja alimtumia Mwalimu utepe mpya wa taipureta, zawadi, umefungwa kwenye gazeti. Mwalimu aliurudisha kwa mguu wake. Aliuweka juu ya kaunta mbele ya wateja, akasema, "Bwana, huu umepotea njia," akaondoka. Utepe wake mkuukuu akaendelea kuuloweka katika wino wa mhuri uliochanganywa na mafuta ya taa kidogo, na barua zote za Ngamiani zikawa zinanuka taa.

Kisha ikaja ruksa ya kufanya biashara. Maduka yakajaa vitu ghafla, mitumba ikapangwa kando ya barabara, na watu waliokuwa wakinong'ona bei wakaanza kuzipigia kelele. Nami ndipo nilipomaliza kidato cha nne, nikakaa miezi mingi chini ya rula ya Mwalimu, kisha nikachaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Niliporudi likizo nilikuta madawati ya chuo chake yamepungua. Ofisi za mjini zilikuwa zimeanza kuleta kompyuta. Wasichana walitaka kujifunza kompyuta. Taipu waliiona ya mama zao.

Mwalimu hakulalamika. Alivaa buibui lake safi, akaenda ofisi moja ya mkonge ambako aliyekuwa mwanafunzi wake alikuwa karani, akaomba aonyeshwe hiyo kompyuta. Karani alinisimulia. Alimwandikia barua, akaifuta, akairudisha, akaichapa tena bila kugusa karatasi. Mwalimu akatazama yote kwa makini, halafu akauliza swali moja.

"Na kaboni yake iko wapi?"

"Haina kaboni, Mwalimu."

"Kitu kinachokumbuka namna hii lazima kina kaboni mahali. Iko wapi, na nani anaichoma?"

Karani alicheka. Alidhani bibi hajaelewa. Lakini swali lile Mwalimu alitoka nalo, akalala nalo, akaamka nalo. Aliwauliza mafundi, aliwauliza vijana waliosoma Nairobi, na kila mmoja alimpa jibu lake, na hakuna jibu lililomkinaisha. Mwishowe mtu akamwambia kwamba mambo hayo yanasomewa. Hapo akaanza kujisomea hesabu za kidato cha sita, akiwa na umri ambao wenzake walikuwa wanaposewa mabinti zao. Aliuza mashine za taipu zote isipokuwa moja, akafanya mtihani wa watu wazima wa kujiunga na chuo kikuu, akafaulu. Sisi majirani tulipata habari siku anafunga mizigo. Yeye, aliyesimulia hata ndoto zake, hili alilificha.

"Mbona hukutuambia?" mama alimwuliza.

"Ningeshindwa mbele ya nani? Nilitaka nishindwe peke yangu kwanza."

Mimi nilikuwa nimeingia chuo hicho hicho muhula huo huo, wala hatukupanga. Asubuhi ya kwanza mlango wa darasa ulifunguka, akaingia mwanamke mrefu wa buibui na mkoba wa ngozi. Darasa zima likasimama. Akatutazama mmoja mmoja.

"Kaeni, wanangu," akasema. "Mimi pia natafuta pa kukaa."

Nikampisha nafasi kando yangu, nikamwamkia shikamoo. Mpaka tunamaliza chuo sikuwahi kuketi na mtu mwingine.

Kozi yetu ilikuwa mpya, na wengi hawakuielewa, pengine hata walioianzisha. Nusu yake ilikuwa usalama wa kompyuta: namna ya kuzilinda habari za watu zisisomwe, zisiibwe, zisibadilishwe. Nusu ya pili ilikuwa ubunifu na kuanzisha biashara, ambayo iliitwa kwa neno lililokuwa bado linanukia upya, ujasiriamali. Mwalimu alilisoma neno hilo kwenye ratiba, akashusha miwani.

"Kwa hiyo ulanguzi umepewa jina la shule," aliniambia.

Katika nusu ya kwanza alikuwa kama samaki aliyerudishwa majini. Hesabu zilimtesa, alizikokotoa kwa sauti ya chini, mdomo ukicheza, na mara nyingi alikosea. Lakini alijua swali la kuuliza. Tukifundishwa kufuli fulani la kompyuta, sisi vijana tuliuliza linafungwaje. Yeye aliuliza: nani ana ufunguo wa pili? Siku aliyofundishwa kwamba faili likifutwa huwa halijafutika, linabaki ndani mpaka liandikwe juu yake, alinigonga mkono kwa kiwiko. "Kaboni," alininong'oneza, na uso wake ukawa wa mtu aliyepokea salamu za ndugu aliyepotea.

Nusu ya pili ilikaribia kumwangamiza. Somo la ujasiriamali lilifundishwa na kijana mmoja aliyetoka kusoma nje, mwenye shati jeupe na haraka nyingi. Alimwita Mwalimu "mama," naye Mwalimu alimwita "mwalimu" kwa heshima zote na kusimama kila alipomjibu, jambo lililomfanya kijana apoteze mtiririko wake. Hawakuchukiana. Lakini katika mtihani wa mwaka wa kwanza, tulipotakiwa kueleza namna ya kupanga bei, Mwalimu aliandika kurasa kadhaa kuhusu haki ya mnyonge, na bei hakuipanga. Akafeli. Akarudia, akafeli tena, kwa maneno mazuri zaidi. Alibakiziwa nafasi moja, nayo ilikuwa ni kutengeneza mradi wake mwenyewe na kuutetea mbele ya wafanyabiashara waalikwa mwishoni mwa masomo. Akiukosa huo, angedisko, afukuzwe chuo, arudi Tanga na mashine moja ya taipu isiyo na mwanafunzi.

Mhadhiri yule alimwita ofisini, nami nikamsindikiza hadi mlangoni. Nilisikia akimwambia kwa upole, "Mama, unajua kulinda kitu. Hujui kukiuza. Ukishindwa kukiuza, hakitamlinda mtu yeyote. Kitakaa kabatini."

Mwalimu alitoka. Tulitembea hadi bwenini, vidole vyake vikitaipu hewani. Likizo ndefu ilipofika hakwenda nyumbani kwake moja kwa moja. Alishuka stendi ya Tanga, na mkoba wake ule ule akaenda barabara ya juu, kwa mwenye duka la vitambaa. Nilikuwa nimembebea sanduku, kwa hiyo niliyaona.

"Karibu, Bi Mwalimu," yule mzee alisema, kana kwamba alimtarajia. "Leo sijakutumia kitu."

"Nimekuja kujifunza kuuza."

Mzee hakucheka. Aliagiza chai, ya Mwalimu bila sukari, kumbe alijua. Mwalimu akaionja, kisha akasema lililokuwa kifuani.

"Miaka ile uliuza sukari kwa magendo."

"Niliuza."

"Na watu wamesimama foleni."

"Niliuza kwa magendo, na nyingine niliwagawia wazazi wapya wa mtaa huu bure. Yote mawili niliyafanya, Bi Mwalimu, na yote mawili nitaulizwa."

"Mimi ningekushtaki."

"Najua. Ndiyo maana nilikuletea utepe."

"Ilikuwa rushwa?"

"Ilikuwa woga," mzee alisema, akamsogezea kikombe.

Likizo ile nzima Mwalimu alikaa nyuma ya kaunta. Mwanzoni alikuwa balaa. Mteja akimwuliza bei alisema, "Utakachojaaliwa," na mzee akawa anajishika kichwa. Akamfundisha kuitaja bei kwa sauti ya kawaida, kisha anyamaze, asiombe radhi, asieleze maisha. Akamfundisha kutazama mkono wa mteja, kwa sababu mkono hugusa kitambaa unachokitaka hata mdomo ukisema kingine. Siku moja mama mmoja alitaka kununua doti ya khanga ambayo rangi yake ingechuja kwa kufuliwa mara moja. Mzee akamkataza, akamwuzia nyingine ya bei ya chini. Mwalimu alimwuliza kwa nini ameitupa faida.

"Kitambaa anacho kila mtu mjini," mzee alisema. "Mimi nauza mtu kurudi."

Aliponisimulia hilo, tukiwa kwenye basi la kurudi chuoni, aliyatazama mashamba ya mkonge yakipita dirishani. "Kumbe nami nilikuwa na biashara," alisema. "Wale waliokuja kwangu na barua zao, wangeweza kwenda kwingine. Walikuwa wakirudi. Sikuwahi kujiuliza kwa nini."

Mradi wake ulitoka hapo. Wakati huo maduka ya intaneti yalikuwa yameanza kufunguliwa mijini, na kila mtu alikuwa na kiherehere cha barua pepe. Watu waliketi, wakaandika mambo yao, wakainuka. Aliyefuata akaketi na kuyakuta yote wazi. Wahudumu wengine walizisoma barua hizo kama gazeti. Mwalimu aliandika programu ambayo mteja akiinuka tu, kompyuta inasahau kila alichokifanya, na inaandika juu ya kilichofutwa hadi kisiweze kurudishwa na fundi yeyote, wala na mwenye duka mwenyewe. Akaongeza mpango wa duka lenyewe: litakuwa wapi, nani atakuja, atalipa nini, kwa nini atarudi. Safari hii bei aliipanga.

Asubuhi ya kuutetea mradi wake, waalikwa walifika mapema, wakapelekwa kwenye chumba chetu cha kompyuta wasubiri. Mmoja wao, mtu mwenye jina mjini na maneno makali, aliketi kwenye kompyuta ya dirishani akasoma barua zake. Alipoitwa chai aliinuka akaacha kila kitu wazi. Tuliingia baada yake, wanafunzi kadhaa, tukayaona ya kwenye kioo. Yalikuwa mambo ya nyumbani kwake, na hayakuwa mepesi.

Kijana mmoja wa darasa letu alishika kichwa kwa furaha. "Mwalimu, umeshinda. Huna haja ya kusema neno. Waite waje waione hii, uwaulize kama mradi wako una kazi."

Nami nilimwunga mkono. Nilijua huo ulikuwa mlango wake wa mwisho, na nilimjua yule mwalikwa. Tangu jana yake alikuwa akidhihaki miradi ya wenzetu. Ushahidi ulikuwa umeketi pale unawaka.

Mwalimu alikwenda kwenye ile kompyuta. Aliikabili kwa ubavu, uso ameugeuzia dirishani, akanyoosha mkono, akaifunga barua ya yule bwana. Kisha akatutazama.

"Mmeona nini?"

Tukatazama sakafu.

"Vizuri. Endeleeni kutoona."

"Lakini utafeli, Mwalimu," nilimwambia.

"Mwanangu, nikifaulu kwa siri ya mtu, hicho nitakachopewa ni cheti cha kitu gani?"

Akaingia mle ndani bila ushahidi wowote zaidi ya maneno yake. Alieleza vizuri, kwa utulivu. Bei aliitaja kwa sauti ya kawaida akanyamaza. Yule mwalikwa wa dirishani ndiye aliyembana kuliko wote. "Mama, watu wanalipa ili wapate kitu," alisema. "Nani atalipa ili kitu kipotee?" Mwalimu alimjibu kwamba kila aliyewahi kumpa mtu barua ampelekee anajua jibu. Jibu hilo halikumridhisha bwana yule. Aliandika alama zake, akafunga kalamu.

Mwalimu alifaulu kwa tundu la sindano. Mhadhiri kijana, ambaye hakujua lolote kuhusu ile asubuhi, alisema wawili walimpa na mmoja akamnyima. Sisi wanafunzi tulikuwa na hasira kuliko yeye. Yeye alinunua maembe, akatugawia, akatusimulia kwa kirefu habari ya meno yake.

Duka lake la intaneti lilifunguliwa Tanga, katika chumba cha nyuma cha duka la vitambaa; mzee alichangia chumba na waya, Mwalimu akachangia kompyuta na jina. Watu walikuja. Walikuja wanawake wenye waume Muscat, vijana wanaotafuta vyuo, watu wa Ushongo waliokuwa wakipokea wageni kwenye nyumba zao za ufukweni na kujibizana nao kwa barua pepe. Walipita maduka mengine mawili njiani ili wafike pale. Mwalimu aliketi karibu na mlango, vioo amevipa mgongo.

Wakati mmoja alikuja mtu mwenye cheo, cheo chenyewe sikitaji, akitaka kujua mke wake ameandika nini mle ndani. Nilikuwa nimekwenda kumsalimia Mwalimu, nikasikia yote. Alianza kwa upole, akaingia kwenye vitisho vya leseni, akamalizia kwa kupiga meza.

"Bwana mkubwa," Mwalimu alimwambia, "nikikwambia sitaki kukupa utanilazimisha. Kwa hiyo nilijitengenezea nisiwe nacho. Kompyuta zimesahau. Hata mimi ukinifunga, sina."

Yule mtu alimwita fundi wake. Fundi akahangaika mpaka adhana ya alasiri, akainua mikono. Mzee wa duka alimtolea yule bwana kiti na chai, akamwuzia na kitambaa cha suti.

Mimi nilibaki Dar es Salaam, nikapata kazi ya kulinda kompyuta za watu wenye haraka. Kumwona Mwalimu kukawa kwa misimu. Kisha, miaka mingi baadaye, mzee wa duka akafariki, nikaja Tanga kwenye msiba. Nilimkuta Mwalimu upande wa wanawake, ameketi mkekani na binti za marehemu, akiwa kama mmoja wao. Alikuwa amekonda zaidi na nywele zimegeuka pamba. Baada ya kumwamkia na kupeana pole, akaniuliza kama nina likizo. Nikasema ninazo siku.

"Wiki ijayo nakwenda Amani. Zahanati za huko zimeletewa kompyuta za kuandikia wagonjwa, wameniomba nikaseme na wauguzi. Na wewe unajua Kisambaa. Twende."

Tulipanda mlima kwenye ukungu, gari likipiga kona katikati ya msitu na mashamba ya chai. Mwalimu alikuwa amevaa sweta la kuazima lililompwaya. Wauguzi walikuwa wamekusanyika katika ukumbi wa shule, mvua ikipiga bati, na yeye akasema nao kwa saa nzima kuhusu neno la siri, kuhusu kutoacha kioo wazi, kuhusu macho yao wenyewe. Walimsikiliza vizuri. Mwishoni muuguzi mmoja kijana akainua mkono.

"Shikamoo, bibi. Mimi nina swali. Amekuja msichana, nimempima, nikaandika majibu kwenye kompyuta, nikayafunga kama ulivyosema. Kesho yake amekuja mama yake, analia. Mwanawe hali, halali, haongei. Anataka kujua ana nini ili amsaidie. Kompyuta nimeifunga. Mimi je, nijifunge?"

 Niligeuka kumtazama Mwalimu, nikisubiri msemo. Nilikuwa na hakika anao. Sikupata kumwona akikosa. Mvua ikaendelea. Vidole vyake vilikuwa vimetulia juu ya meza.

"Sijui," alisema.

Yule kijana alidhani hakusikia vizuri. "Bibi?"

"Sijui, mwanangu. Nimesoma kulinda tangu nina meno yangu yote, na hilo sijalijua. Nyinyi huwa mnafanyaje?"

 Kisha muuguzi mmoja mtu mzima, aliyeketi nyuma karibu na mlango, akaanza kuzungumza kwa Kisambaa, polepole, habari ya binti aliyemwuguza zamani na mama yake, na jinsi alivyowaketisha wawili hao pamoja mpaka binti mwenyewe akasema. Wengine wakadakia, huyu anakubali, huyu anapinga. Mwalimu aliinuka kutoka kwenye meza ya mbele, akabeba kiti chake mwenyewe, akakataa nimsaidie. Alikipeleka hadi nyuma ya ukumbi, akakiweka karibu na yule muuguzi mtu mzima, goti kwa goti, akaegemeza sikio.

"Nitafsirie," aliniambia. "Na usiruke neno."